Je, Yafaa Kuwachekesha Watoto kwa Habari za Msiba?



Muhula uliopita sisi tulioshika kazi ya sehemu ya Kiswahili tulikusudia kutoa ukurasa mmoja wa hadithi kwa ajili ya wadogo wetu, maana gazeti hili hupelekwa nyumbani likasomwa na ndugu zetu walio katika shule za msingi. Tulikusanya hadithi 11. Tulipozisoma tuliona kwamba katika 9 kati yake mtu au mnyama hufa, na katika nyingine kufa kwenyewe ndiko kunakochekesha. Hapo tukagawanyika. Wengine walisema ni aibu kwa shule ya misheni kuwapa watoto mambo hayo. Wengine wakasema tukiyaondoa hatutabaki na hadithi hata moja ya kusomeka. Mabishano yalipozidi niliambiwa niandike maelezo ya jambo hili, kwa sababu mimi ndimi niliyekuwa nikisema sana.

Kwanza yafaa tutenganishe mambo mawili ambayo katika mabishano yetu yalichanganywa. Msiba katika hadithi ni jambo moja, na kuucheka msiba ni jambo jingine. Msiba peke yake haugombewi sana. Mtoto wa darasa la pili huambiwa habari za Kaini na Habili, na za gharika iliyozamisha dunia nzima isipokuwa waliokuwa ndani ya safina, wala hakuna mzazi anayemziba masikio. Kinachowachoma watu ni kicheko. Wanasema: mtoto akisikia kwamba mtu amekufa, na asikitike, akicheka, moyo wake umeharibika.

Nikitazama nyumbani kwetu West Nile naona kwamba neno hilo halikutoka kwa wazee wetu. Mlugbara akizaliwa hupewa jina, na mara nyingi jina hilo ni habari ya taabu. Candi ni taabu, basi akina Candia na Candiru wamo katika vijiji vyetu vyote. Dra ni kifo, na majina yanayoanza na neno hilo ni mengi. Jina la Drateru, kwa mfano, watu hulieleza kuwa ni kungojea kifo. Bwana John Middleton, Mwingereza aliyekaa kwa Walugbara mwanzoni mwa miaka ya 1950 ili kujifunza desturi zao, aliandika makala nzima juu ya majina hayo katika Uganda Journal ya mwaka 1961. Mara nyingi mama ndiye mwenye kutoa jina, naye hulitumia kusema yale asiyoweza kuyasema mbele ya watu: kwamba mume ni mlevi, kwamba majirani wanamwombea mabaya, kwamba watoto waliotangulia walikufa. Mgeni akielezwa husikitika. Wenyewe hucheka, maana mama akimwita mwanawe jioni kwa sauti kubwa, jirani aliyekusudiwa hulisikia neno lake kila siku, wala hana la kujibu, kwa kuwa mtoto anaitwa tu aje kula.

Hebu mfikirie mwalimu wa darasa la kwanza katika shule yoyote kati ya Arua na Maracha, akiita majina asubuhi. Taabu? Yupo. Kungojea Kifo? Yupo, mwalimu. Katika Taabu? Hayupo, anaumwa. Mtoto aliyekulia katika mwito wa namna hiyo, sijui ni nani atakayemshawishi kwamba kifo ni neno la wakubwa tu.

Sasa nije kwenye hadithi iliyoleta ugomvi kuliko zote. Ni hadithi ya Goso. Haikutoka kwetu, ni ya Unguja, nayo imo katika kitabu kiitwacho Zanzibar Tales ambacho George Bateman alikitoa huko Chicago mwaka 1901, baada ya kuzipata hadithi zake kwa watu wa pwani. Naieleza kwa maneno yangu kwa ajili ya wasioijua.

Goso alikuwa mwalimu wa watoto, na shule yake ilikuwa chini ya mbuyu. Jioni moja amekaa peke yake akitengeneza masomo ya kesho, na juu ya mti amepanda paa, aliyekuja kuiba mabuyu. Buyu moja likaanguka, likampiga mwalimu kichwani, akafa. Asubuhi wanafunzi wakamkuta mwalimu wao amelala maiti. Wakamzika, kisha wakafanya shauri wamtafute aliyemwua, wamlipize. Wakasema ni upepo wa kusi ulioangusha buyu. Wakaukamata upepo wakaupiga! Kusi akalalamika: kama mimi ni mwenye nguvu namna hiyo, mbona kiambaza cha udongo hunizuia? Wakaenda kukipiga kiambaza. Kiambaza kikasema panya hukitoboa. Panya akasema paka humla. Paka akasema kamba humfunga, na kamba ikasema kisu huikata, na kisu kikasema moto hukiunguza, na moto ukasema maji huuzima, na maji yakasema ng'ombe huyanywa, na ng'ombe akasema inzi humuuma, na inzi akasema paa humla. Wakafika kwa paa. Paa, kwa hofu ya kugunduliwa, hakuweza kusema hata neno moja. Wakasema: huyu hana la kujibu, ndiye. Wakamwua.

Basi, ni nini hapo kinachochekesha? Nimeisimulia hadithi hii mara nyingi, nami sijapata kumwona mtoto akicheka Goso anapokufa. Wanachokicheka ni wale wanafunzi. Wanawacheka watu wazito wenye fimbo mikononi wanaokwenda kuupiga upepo, kisha ukuta, kisha kisu, na kila mara wanauliza swali lile lile, na kila mara wanapewa jibu lile lile, wala hawachoki. Msikilizaji amekwisha kujua tangu mwanzo kwamba ni paa; yeye anajua, na wale wenye fimbo hawajui. Mtoto hapati mara nyingi kujua jambo ambalo watu wenye fimbo hawalijui. Tena habari yenyewe ni ya kurudiarudia, hata ukifika kwa paka darasa zima linakutangulia kwa sauti, nawe huna kazi tena ila kushika mwendo.

Likizo iliyopita niliisimulia katika shule moja ya msingi huko Koboko, karibu na nyumbani, siku ya Jumamosi, kwa ruhusa ya mwalimu wa darasa la nne. Anayeijua Koboko anajua watoto wake ni watu wa namna gani. Mji umekaa pembeni kabisa mwa nchi. Oraba na mpaka wa Sudani Kusini hauko mbali, na upande wa pili ni Kongo. Darasa lilikuwa na Wakakwa, Walugbara, Wanubi, na Wakongo ambao jamaa zao wako kambini Lobule. Walikuwako pia watoto wa Sudani Kusini.  Vita vya Juba vya Julai 2016 viliwasukuma watu kwa maelfu mpaka kambi ya Bidi Bidi, iliyofunguliwa Agosti mwaka ule katika Yumbe, ikapokea zaidi ya watu 200,000 kabla mwaka haujaisha. Wengine wa darasa hilo waliletwa mgongoni, wengine wamezaliwa huku. Nilichanganya Kiswahili na Kikakwa, na pale nilipokwama watoto wenyewe walifasiriana kwa Kiarabu cha Juba.

Walicheka sana. Baada ya siku mbili mzee mmoja, mlezi wa watoto wawili wa darasa lile, alikuja kuniona. Hakuja kwa ukali. Aliketi, akakubali chai, tukaulizana habari za nyumbani, kisha akasema, "Mwanangu, hawa wawili baba yao alikuwa mwalimu, na hakufa kwa buyu. Juzi wamerudi nyumbani wanacheka kwamba mwalimu amekufa. Wewe unawachekesha nini?"

Neno hili ni zito, nami sikuwa na jibu la haraka. Nilimwuliza kwa heshima, je, siku zote huwa wanasema neno lolote juu ya baba yao? Akasema hapana, hawasemi. Nikamwuliza, na hadithi ya Goso wameisimulia yote? Akasema wameisimulia mara tatu, na jioni ya pili yule mkubwa alifanya sauti ya moto na ya maji. Akanyamaza kidogo. Halafu akaniambia lile ambalo nimekusudia kuwaeleza hapa, na ambalo mimi peke yangu nisingalilifikiria. Alisema yule msichana mdogo, alipomaliza hadithi, alimwambia hivi: "Paa amekufa kwa sababu hakujua kusema."

Nami nikaona kwamba mtoto yule ameielewa hadithi kuliko sisi wa kamati ya gazeti. Maana kila aliyeulizwa alikuwa na maneno. Kusi alimsingizia kiambaza, kiambaza kikamtaja panya, na kila mmoja alijiokoa kwa kumwonyesha mwingine, mpaka wakafika kwa asiye na ulimi. Ni kweli kwamba paa ndiye aliyeangusha buyu. Lakini alikuja kuiba tunda, hakuja kuua mtu, na kama angaliweza kusema labda angalisema hivyo. Hakuuawa kwa sababu walijua ni yeye. Aliuawa kwa sababu alikuwa wa mwisho, naye akanyamaza. Watoto waliokimbia vita wameisikia habari ya namna hii maisha yao yote. Nani alichoma nyumba zetu? Wale wanasema ni hawa, hawa wanasema ni wale, mwenye bunduki anasema aliamriwa, aliyeamuru anasema hakuwako. Mtoto hawezi kuuliza swali hilo juu ya baba yake mbele ya watu. Juu ya Goso anaweza, tena kwa sauti, tena pamoja na wenzake 60, na kila mmoja anaitikia.

Wanafunzi wa zamani wa shule za hapa Arua hawahitaji kuelezwa zaidi. Tarehe 24 Juni 1981 watu waliokimbilia misheni ya Ombaci, maili chache tu kutoka mjini, waliuawa na askari wa serikali ya wakati ule, wakilipizwa mambo yaliyotendwa na wengine waliokuwa na silaha. Waliokuwa misheni ndio waliopatikana. Sisemi kwamba hadithi ya Unguja iliandikwa kwa ajili yao. Nasema kwamba ukiijua hadithi hiyo tangu utotoni, unalo jambo la kushikia utakapokutana na habari kama hiyo ukiwa mkubwa.

Yule mzee hakuniambia kwamba nilifanya vema. Alisema tu kwamba siku nyingine nikija na hadithi ya kufa, nimpe habari mapema, ili awe nyumbani jioni ile watoto watakaporudi. Naliona hilo kuwa shauri bora kuliko yote niliyopata juu ya jambo hili.

Sasa kuna wenzangu waliosema: ikiwa ni hivyo, basi kila hadithi ya msiba inafaa. Hapo sikubaliani nao hata kidogo, nami nitachukua mifano ya Ulaya kwanza ili nisimwudhi mtu.

Mjini Frankfurt, katika Ujerumani, alikuwako daktari aliyeitwa Heinrich Hoffmann. Krismasi ya mwaka 1844 alitafuta kitabu cha kumpa mwanawe wa miaka mitatu, asione kinachomfaa, basi akaandika na kuchora mwenyewe, na mwaka 1845 kitabu kikapigwa chapa. Kinajulikana kwa jina la Struwwelpeter. Humo msichana anachezea viberiti na kuungua mpaka hakibaki ila majivu na viatu, na paka wawili wanalia. Mvulana anayenyonya vidole anakatwa gumba na fundi cherehani mwenye mkasi mkubwa. Mwingine anakataa kunywa supu, na siku ya tano anazikwa. Mambo yenyewe yamepita kiasi hata yanachekesha, na inawezekana daktari alitaka yachekeshe. Lakini tazama kazi ya misiba hiyo. Kila mmoja ni fimbo. Kifo kimewekwa pale ili mtoto anywe supu.

Kwetu pia iko. Katika bweni moja nililolala nilipokuwa mdogo, mlezi wetu alikuwa na kisa cha mvulana aliyetoka nje baada ya kengele ya usiku. Kulipokucha vilionekana viatu vyake tu, kimoja ndani ya uzio na kimoja nje. Mchana tulikicheka kisa hicho na kuulizana kama huyo aliyemla alivivua viatu kwanza. Usiku hakuna aliyetoka, hata kwa haja, na asubuhi magodoro yalianikwa juani kama samaki. Kisa kile kilifanya kazi yake barabara. Hakikumfundisha mtu lolote juu ya msiba, ila kwamba wakubwa wanaweza kuutumia.

Wako wengine waliofanya vingine. Ndugu wawili wa Ujerumani, Jacob na Wilhelm Grimm, walianza kutoa hadithi zao za wenyeji mwaka 1812. Katika toleo la kwanza kilikuwamo kisa cha watoto waliocheza mchezo wa kuchinja, na mmoja akamchinja mwenzake kweli. Watu wakanung'unika, na toleo la pili, la mwaka 1819, halikuwa nacho. Hilo naona ni sawa, maana kisa chenyewe hakina mwendo wala mzaha, ni damu tu. Lakini walibadili jambo jingine pia. Katika hadithi ya Snow White ya mwaka 1812, anayetaka kumwua mtoto ni mama yake mzazi. Baadaye wakamwondoa mama, wakaweka mama wa kambo. Vivyo hivyo kwa Hansel na Gretel, watoto waliotupwa porini wakati wa njaa. Ukatili wote umebaki, sumu imebaki, njaa imebaki. Kilichobadilika ni mtu wa kubebeshwa. Mimi nina rafiki aliyelelewa na mama wa kambo tangu alipokuwa na miaka minne, naye ananiambia kwamba hadithi hizo ziliposomwa darasani, watoto waligeuka kumtazama. Mama yule alikuwa akiuza mihogo sokoni ili kumlipia ada.

Hapa ndipo ninapoona mpaka ulipo. Sijali sana ni wangapi wanaokufa katika hadithi. Ninauliza, kicheko kinamwangukia nani? Kikiwaangukia wenye fimbo wanaoupiga upepo, au mlafi, au mwenye kiburi, hata mauti yenyewe, mtoto hapati hasara. Kikimwangukia yule aliyekwisha angukiwa, hapo kuna ubaya. Mwenzangu mmoja alisimulia katika darasa lile lile la Koboko kisa cha kiwete aliyekimbizwa na nyuki, akaiga mwendo wake mbele ya watoto. Hakuna aliyekufa katika kisa hicho. Ukikitazama kwa kanuni za wale wanaokataa msiba, ni kisa safi kabisa. Lakini nyuma ya darasa alikuwako mvulana mwenye gongo, naye aliondoka polepole, na kila mtu alimsikia akiondoka, kwa sababu ya lile gongo.

Sungura na Fisi wamo upande wa pili wa mpaka huo, ingawa matendo yao ni ya kutisha ukiyahesabu. Sungura huwekwa kuwalinda watoto wa Chui, akawala mmoja mmoja, na kila mama anapokuja kuwanyonyesha humwonyesha yule yule mara mbili, mara tatu, ili hesabu itimie. Ni jambo la kuogofya, na watoto hucheka mpaka wanalala chini. Wanamcheka Chui mkali wa porini ambaye hajui kuhesabu. Fisi naye hufika njia panda, harufu ya nyama inatoka kulia na kushoto, asitake kuikosa hata moja, basi miguu ya upande huu ikafuata huku na ya upande ule ikafuata kule, akapasuka katikati. Ndiyo maana watu husema njia mbili zilimshinda fisi. Hakuna mtoto aliyewahi kumlilia. Katika Hare and Hornbill, kitabu cha hadithi za Waacholi alichokitoa Okot p'Bitek mwaka 1978, mtaona kwamba jirani zetu hawakuwa wapole kuliko sisi.

Juu ya vitabu vya siku hizi sitasema mengi. Katika sanduku la vitabu vya msaada lililoletwa maktabani kwetu vilikuwamo viwili vya Lemony Snicket, jina analolitumia Daniel Handler wa Marekani. Vyote ni 13, vilitoka kati ya mwaka 1999 na 2006, navyo ni habari ya yatima watatu ambao wazazi wao waliungua nyumbani, na kila mahali wapelekwapo mambo huharibika zaidi. Mwandishi mwenyewe humwonya msomaji akiache kitabu, na bila shaka msomaji hakiachi. Vinafaa, kwa kipimo nilichokitaja, kwa sababu wale watoto watatu hawachekwi kamwe. Wanaochekwa ni wakubwa wasiosikia wanachoambiwa. Yuko pia Roald Dahl, ambaye mwaka 1938 alikuja Dar es Salaam kufanya kazi katika kampuni ya mafuta ya Shell. Kitabu chake kiitwacho James and the Giant Peach, cha mwaka 1961, huanza na wazazi wa mtoto kuliwa na kifaru aliyetoroka London. Watu wa West Nile, ambao walikuwa na vifaru weupe huko Ajai kabla majangili hawajawamaliza, watamwambia kwamba kifaru hula majani. Lakini yeye aliishi Afrika Mashariki, nadhani alijua, na huo ndio mzaha.

Iko hadithi moja ya msiba isiyo na kicheko hata kidogo, nayo ningeitoa katika ukurasa wetu bila kusita. Ni ile ya Sultani Darai, iliyo katika Swahili Tales za Edward Steere za mwaka 1870. Maskini apekuaye jaani ananunua paa kwa kijisenti alichookota; paa anamtajirisha, anamwoza binti wa sultani, anamwua nyoka na kumpatia bwana wake jumba. Kisha paa anaugua, na yule bwana anaamuru apewe uji wa wishwa. Paa anakufa kwa huzuni. Mwishowe yule mtu anaamka na kujiona yuko jaani, anapekua kama zamani. Nilipoisoma bwenini hakuna aliyesema neno, na mvulana wa kidato cha kwanza aliniomba niirudie pale pa uji. Ninaitaja ili mtu asidhani kwamba nataka kila msiba uchekeshwe. Mwingine unataka kimya.

Limebaki jambo moja gumu, nalo ni misiba ya kweli. Je, twaweza kuwasimulia watoto kwa mzaha mambo yaliyotupata sisi wenyewe? Bibi yangu alikimbilia Kongo mwaka 1980, baada ya mapigano ya Oktoba, wakati watu wa Koboko na Arua walipovuka mpaka kwa maelfu. Alibeba mtoto mgongoni, sufuria kichwani na jogoo kwapani. Kila walipojificha kichakani jogoo aliwika. Watu waliwaka hasira, wakamwambia amwue, naye akakataa, maana ndiye mali iliyobaki. Wakafanya shauri wamfunge mdomo kwa uzi wa kanga. Akawika kwa pua, asema bibi. Usiku wa tatu walimla, na asubuhi yake hakuna aliyejua saa ya kuondoka, wakachelewa. Bibi akisimulia hayo, wajukuu wote hucheka na yeye hucheka kwanza. Habari ya waliokufa njiani haimo ndani ya kicheko hicho. Hutaja majina yao mwishoni, kwa sauti nyingine, na sisi tunajua kunyamaza bila kuambiwa.

Kisa cha jogoo ni chake bibi. Yeye aweza kukichekesha kwa sababu sufuria ilikuwa juu ya kichwa chake. Mimi nikikisimulia Koboko mbele ya watoto waliotoka Yei, nasema kwanza kwamba ni cha bibi yangu. Na kama mmoja wao ana jogoo wake, atakisimulia mwenyewe siku anayotaka. Kuna walimu ambao baada ya hadithi humwambia mtoto, haya, na wewe tueleze yaliyokupata. Naomba wasifanye hivyo. Mtoto alikuja kusikia habari za Goso.

Kamati imekubali mambo haya. Hadithi ya Goso itatolewa katika ukurasa wa wadogo muhula ujao, pamoja na ile ya Fisi wa njia panda. Ile ya kiwete na nyuki imeondolewa, na mwenye kuileta amekubali. Ya Sungura na watoto wa Chui bado inagombewa. Wawili kati yetu wanaikataa kabisa, na mmoja wao ni dada wa kidato cha tano ambaye amelea wadogo zake wanne, hivyo maneno yake hayapuuzwi. Wanafunzi wa zamani mnaokumbuka namna hadithi hiyo ilivyosimuliwa kwenu, hasa mwisho wake, maana tumepata miisho mitatu mbalimbali, mtuandikie kwa anwani ya shule kabla ya mwezi wa mwisho wa muhula. Tungependa pia hadithi za Kikakwa na za Kimadi, ambazo tunazo chache mno. Andikeni jina la aliyewasimulia na kijiji chake, na mkiweza, mtuambie watoto walicheka mahali gani.